Mlango wa Majembe Yaliyoisha

Njia ya kwenda shamba letu, juu ya Nyabiondo, ilikatisha malisho ya mtu ambaye sikuwahi kumwona. Ng'ombe wake tuliwajua kwa rangi zao, kapita wake, msimamizi wa malisho, tulimjua kwa sauti, lakini mwenyewe aliishi mjini, na kilima kizima kilikuwa chake. Sisi tulilima mteremko uliobaki upande wa pili, maharagi na mihogo, na huwezi kuufikia bila kupita kwake. Pale njia ilipoingia kwenye uzio, kapita alikuwa amelaza gogo la mkaratusi juu ya nguzo mbili. Alisema ni la kuzuia ng'ombe. Lakini ndama alipita chini ya lile gogo bila hata kushusha masikio. Walioinama ni mama zetu.

Mama yangu alibeba kitunga mgongoni, kamba yake ikikaza kwenye paji la uso, kama wanawake wote wa kwetu. Mwenye mzigo wa namna hiyo hawezi kuruka gogo, wala hawezi kuinama nusu. Lazima ashuke mpaka mikono iguse tope, apite kama anatafuta kitu kilichoanguka, kisha ajisukume kusimama upande wa pili. Kapita alikaa kwenye jiwe akitazama. Siku moja ya juma wanawake walilimia kilima cha yule tajiri bila malipo, ili waendelee kuruhusiwa kupita, na kazi hiyo iliitwa salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, kana kwamba ni barabara ya kijiji inayofagiliwa.

Mimi nilikuwa mwepesi, nilipita chini ya gogo mbio. Nilimuuliza mama kwa nini asimwambie kapita alipandishe kidogo.

"Pita," alinijibu. "Jua inapanda."

Hakuwa mwoga. Alikuwa na shamba la kulima kabla ya mvua.

Kisha bunduki zilianza kusikika kwenye vilima vya karibu, tukakimbia kama wengine, kwa miguu, kupitia msitu, mpaka Walikale. Tulipopata habari kwamba kwetu kumetulia, mama alirudi kwenye mihogo yake. Mimi nilibaki. Nilikuwa msichana mkubwa na nilikuwa nimepata kazi kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Butembo, mtu wa misa kila Jumapili, mwenye rozari iliyoning'inia kwenye kila lori lake. Aliuza saruji, mabati na misumari, na malori yake yaliteseka kwenye njia ya Bukavu na ya Kisangani. Sote tulimwita Papa.

Nilianza kwa kufagia uwanja na kupikia madereva. Fundi wa kusude, yule anayeunganisha vyuma kwa moto wa umeme, alipenda nimshikilie vyuma wakati anafanya kazi, kwa sababu mikono yangu haikutetemeka. Siku alipoacha kazi kwenda kutafuta bahati kwenye mashimo ya madini, nilivaa kofia yake ya kioo cheusi na kumaliza mlango aliouacha nusu.

Papa alisimama nyuma yangu mpaka nilipovua kofia.

"Mwanamuke ya kusude," alisema. "Tutaona."

Aliona. Katika miaka iliyofuata, karibu milango yote mikubwa ya chuma iliyowekwa mbele ya nyumba za watu wazito wa Walikale ilitoka mikononi mwangu. Wote walitaka mikuki juu. Wengi walitaka simba katikati. Nilikuwa hodari wa simba. Nilikuwa nimeshatengeneza mikuki mingi sana siku iliponiingia akilini kwamba kazi yangu ni ileile ya gogo la mkaratusi, ila yangu imepakwa rangi.

Kuanzia hapo nilianza kukusanya vipande vya vyuma vilivyobaki na kutengeneza watu. Walikuwa wabeba mizigo, wale wanaotoka msituni na magunia ya mawe ya madini, wakitembea siku nzima kwenye tope kwa faida ya mtu aliyekaa kwenye kivuli mjini. Niliwatengeneza kwa resori, zile springi za malori, na feraboton, nondo zilizopinda. Pale kichwa kinapopaswa kuwa, niliweka gunia la chuma.

Papa alikuta mmoja ameegemezwa kwenye ukuta wa depo.

"Hii iko nini?"

"Iko muntu, Papa."

"Muntu gani hana kichwa?"

"Kichwa iko chini ya muzigo. Haionekanake."

Alinung'unika kwamba ninapoteza baguette zake, vile vijiti vya kusude, lakini hakuniambia nimtoe. Wabeba mizigo wenyewe walikuja kutazama. Walisimama mbele ya zile sanamu wakabishana nani ndiye nani.

"Huyu njo mimi."

"Hapana, wewe iko mufupi. Wewe iko ule pale, mwenye mugongo wa kupinda."

Walicheka, lakini mmoja alishika gunia la chuma kwa mikono miwili, akajaribu kulinyanyua kutoka kwenye shingo ile, na alipoona halitoki aliondoka bila kuaga.

Mwanamke mmoja kutoka Goma alikuja Walikale kuandaa maonyesho ya sanaa. Alikuwa mratibu wa kikundi cha wasanii, mtu wa viatu vizuri ambavyo tope letu lilivimaliza siku ya kwanza. Aliona sanamu zangu pale ukutani, akaomba kuniona. Alinionyesha kwenye simu yake kazi za watu wa nchi nyingine: vyumba vilivyojaa viatu, ukuta uliojengwa kwa milango mibovu, chombo kikubwa cha chuma ambacho mtu anaingia ndani yake. Aliniambia kwamba siku hizi sanamu si lazima iwe kitu cha kutazama kwa mbali. Inaweza kuwa mahali. Mtu akiingia, mwili wake ndio unaoelewa kwanza.

Nilielewa jambo hilo haraka kuliko yeye alivyotegemea.

"Wenye kutoa pesa ya maonyesho wanataka amani," alisema. "Njiwa, mikono inayoshikana. Unajua namna wanapendaka."

Nilimweleza habari ya gogo la Nyabiondo. Nilimwambia nataka kuweka kitu kwenye mlango wa ukumbi, ili kila atakayeingia ainame kama mama yangu, awe nani awe nani. Alichezea funguo zake.

"Kutakuwa na mheshimiwa," alisema. "Yeye njo atafungua."

"Basi atainama."

Alitazama nje, kwenye lile jeshi la watu wasio na vichwa, halafu akasema, "Fanya. Miye nitasema sikuona vizuri mudogo wangu alikuwa anatengeneza nini."

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Nyabiondo kutafuta majembe. Sikutaka majembe mapya. Nilitaka yale yaliyolimiwa mpaka bapa la chuma likabaki na ukubwa wa kiganja, yale ambayo wanawake huyatupa nyuma ya jiko. Nilipita nyumba kwa nyumba. Mwanzoni walinicheka.

"Umekaa ku Walikale, umekuwa mukusanyaji wa majembe iliyokufa?"

Nilipowaambia ni ya nini, kicheko kilipungua na majembe yakaongezeka. Mwanamke mmoja aliniletea lake akiwa amelipangusa tope. Alisema lilikuwa la mama yake kabla ya kuwa lake, na kwamba chuma kilichokosekana kimebaki kwenye kile kilima cha ng'ombe, kidogo kidogo, salongo baada ya salongo. Ukilima udongo wake, alisema, unaacha jembe lako humo. Sikuwahi kulifikiria hivyo.

Mama ndiye aliyekataa. Alikuwa akimenya mihogo mlangoni, na hakuacha kumenya.

"Unataka kuonyesha watu ya Walikale vile ninainama?"

"Nataka wainame wao."

"Wataingia, watajua kama kuna mwanamuke fulani ya Nyabiondo anatambaaka katika matope. Haya yangu unaipeleka mbele ya watu."

"Mama, ile haya haiko yako. Iko ya mwenye gogo."

Alitia mihogo kwenye maji, akaniuliza kama nimekula. Asubuhi, nilipokuwa nafunga gunia, nilikuta jembe lake limewekwa juu ya mengine.

Kabla ya kuondoka nilipanda mpaka kwenye malisho. Gogo lilikuwa jingine, lakini kimo kilikuwa kilekile. Nilisimama pembeni yake na kulipima kwa kamba. Kapita wa siku hizo, ambaye hakunijua, alipiga kelele kutoka kwenye jiwe.

"We dada, unapima nini?"

"Mulango," nilimjibu, nikaendelea kupima.

Kwenye vizuizi vya barabarani, wenye bunduki walinifungulisha gunia. Kwenye kimojawapo, kijana mwenye sare alitoa jembe akaligeuza juu na chini. Aliuliza mtu anafanya nini na majembe yasiyolima. Nilimwambia ni sanamu. Aliuliza sanamu ya nani. Nilimwambia bado sijajua ni nani ataingia. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili, akanifungulia, na dereva wa moto alinisihi kwa Mungu kwamba kwenye kizuizi kinachofuata nijibu "chuma za kuuza" na kunyamaza.

Nilijenga ndani ya ukumbi wa parokia. Kutoka kwenye mlango mkubwa kuelekea ndani nilisimika ujia mwembamba, mrefu kama lori. Nguzo zake zilikuwa feraboton, na paa lake lilikuwa mipini ya majembe iliyolazwa karibu karibu, mabapa yakining'inia chini. Kimo cha yale mabapa kilikuwa kimo cha gogo. Chini nilimwaga udongo, nikaumwagia maji mpaka ukawa laini. Mtu akiingia wima atagonga paji la uso. Akiinama nusu, majembe yatamkuna mgongo na kulia kama kengele mbovu. Akishuka kabisa, hayatamgusa, na atatoka upande wa pili mahali ambapo dirisha linaleta mwanga mwingi.

Siku moja kabla ya maonyesho, moto ilisimama mbele ya depo na mama akashuka, ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Majirani zake walishuka kwenye moto nyingine nyuma yake, wakiwa na vitunga vyao.

"Nimekuja kuona vile unafanya na jembe yangu," alisema.

Nilimpeleka ukumbini. Alitembea kuuzunguka ule ujia, akagusa mabapa mpaka akalipata lake. Hakusema ni zuri wala baya. Aliuliza tu kesho ataingia saa ngapi. Tulikubaliana kwamba wao wataingia mwisho, na vitunga vilivyojaa, ili watu waone ni kazi ya nani.

Maonyesho yalifunguliwa Jumapili baada ya misa. Mtu wa protokole, mpangaji wa ziara za mheshimiwa, alitangulia, kijana mwenye suti na jasho, na aliposimama mbele ya mlango wa ukumbi jasho liliongezeka.

"Mheshimiwa atapitia wapi?"

"Hapa," nilisema.

"Hapa namna gani? Hawezi kuinama."

"Mugongo inamuuma?"

"Dada, pandisha hii kitu."

"Haipandi. Imesudewa."

"Basi toa."

"Njo sanamu yenyewe. Nikiitoa, utakuwa umeita mheshimiwa kuja kuangalia ukumbi mutupu."

Alimtafuta mratibu, na mratibu, kama alivyoahidi, hakuwa ameona vizuri. Akazunguka ukumbi mpaka akapata mlango mdogo wa pembeni, ule ambao wanakwaya wanaupitia. Akaagiza viti vya wakubwa, vya plastiki vyenye mikono, vikafunikwa vitambaa vyeupe, vikapangwa ndani. Nilikuwa nje nikipokea watu, sikuona alivipanga wapi.

Mheshimiwa alifika na magari yake. Alikuwa mtu wa siasa kutoka mjini, mwenye malisho huko Masisi, upande wa kwetu Nyabiondo, kama wengi wa daraja lake, na mwenye sauti katika mambo ya mashimo ya madini. Aliingia kwa mlango wa wanakwaya, wima, akaketi. Ndipo watu wengine wakaanza kuingia kwa mlango wangu.

Nilipoingia nami, niliona viti vilipo. Yule kijana alikuwa amepanga viti moja kwa moja mbele ya mwisho wa ujia. Kila mtu aliyetoka chini ya majembe, akiwa bado ameinama, mikono kwenye tope, alijikuta kwenye miguu ya mheshimiwa. Madereva, wauza samaki, walimu, wabeba mizigo, wote walikuwa wanatoka wakimpigia magoti. Na yeye alikuwa anatabasamu, akiitikia kwa kichwa kwa kila mmoja.

Alisimama na kuchukua mikro.

"Hii nimeipenda," alisema. "Hapa tunaona heshima. Tunaona raia anajua kuinama mbele ya uongozi. Watoto wa siku hizi wamesahau, lakini huyu dada hajasahau utamaduni yetu. Munipigie yeye makofi."

Walinipigia makofi, naye akaketi tena na mikro yake. Sijawahi kusikia sauti mbaya kuliko ile. Kazi yangu yote, majembe ya wanawake wote wale, vilikuwa vimegeuzwa zulia lake. Nilitaka kumnyang'anya mikro, na nilikuwa nimeshapiga hatua, mratibu aliponishika mkono. Nje, kwenye kizingiti cha mlango, mama alikuwa amesikia kila neno, maana spika zilielekezwa uwanjani.

Zamu ya wanawake ilifika. Tulitazama mwisho wa ujia, tukingoja uso.

Haukutoka uso. Kilitoka kikwembe, kile kitenge cha maua ya manjano ambacho mama alivaa siku za misa, na ndani ya kikwembe makalio yake, polepole, kinyumenyume, yakielekea moja kwa moja kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe. Alikuwa ameinama vilevile kama njia inavyodai, mikono kwenye tope, ila alikuwa amegeuka. Majembe hayakulia hata moja. Alipotoka kabisa alijisukuma akasimama, mgongo kwa mheshimiwa, kitunga cha mihogo kikiwa karibu kabisa na magoti ya yule mtu. Hakugeuka. Nyuma yake, au niseme mbele yake, alitoka jirani yake wa kwanza kwa namna ileile, kisha mwingine, mpaka wakawa mstari mzima wa migongo.

Kwetu hakuna mtu asiyejua maana ya mama mtu mzima kukugeuzia makalio.

Yule wa protokole alikimbia kwa vidole vya miguu.

"Mama, geuka! Unamupatia mukubwa mugongo?"

Mama alimjibu bila kupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia.

"Muzigo iko ku mugongo, mutoto wangu. Mwenye kumutua muntu muzigo anasimamaka nyuma yake. Nimesikia mheshimiwa anapenda heshima. Basi nimemugeuzia muzigo, ili atutue."

Akangoja. Wote wakangoja, kamba kwenye mapaji ya nyuso zao, shingo zimekaza. Mheshimiwa alikuwa bado na mikro mkononi. Angeweza kunyanyuka, kunyoosha mikono, kushika kitunga kimoja tu. Ukumbi mzima ungempigia makofi ya kweli na angeondoka na ushindi. Nilimtazama na nikaona wazo hilo halikumpitia kabisa. Alimtazama mtu wake wa protokole, kana kwamba mizigo ni kazi ya protokole.

Wabeba mizigo ndio walioanza kucheka, pale nyuma. Halafu kina mama waliokuwa wameshaingia, halafu ukumbi wote, na hicho kicheko hakikuwa cha uchangamfu. Mheshimiwa alisimama, akatoka kwa mlango wa wanakwaya. Wale wanaume waliocheka wa kwanza walikuja mbele wakawatua wanawake vitunga, na mmoja wao, aliposhika cha mama yangu, alisema, "Mama, hii iko nzito kupita mawe."

"Iko mihogo tu," mama alisema, akajishika kiuno na kujinyoosha.

Hasira ilikuja kesho yake. Mratibu alipigiwa simu na wenye pesa zake, na nilimsikia akijibu "ndiyo, ndiyo" huku akinitazama kwa machozi. Papa aliniita chini ya kivuli cha lori. Alikuwa ameshapokea ujumbe wake pia.

"Nenda kule mheshimiwa anakaa, useme tu pardon. Mambo iishe."

"Pardon ya nini, Papa? Bamama waliingia. Kila muntu alisema watu waingie."

"Unajua ninasema nini. Miye niko na malori mu njia. Kila kizuizi iko ya muntu wake. Wakitaka, wanaweza kusimamisha gari moja mpaka saruji igeuke jiwe."

"Najua, Papa. Wewe pia unainama."

Nilidhani atanipiga kofi. Alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Kila siku," alisema. "Lakini miye sitengenezake sanamu ya kuinama kwangu."

Niliacha kazi siku hiyo kabla hajalazimika kunifukuza. Sikwenda kuomba pardon. Aliyetumwa kuja kuidai nilimwambia kwamba mgongo wangu ni wa kwangu na nitauinamisha ninapotaka. Kofia ya kioo cheusi niliondoka nayo. Siku chache baadaye mfanyakazi wa Papa aliniletea kwenye mkokoteni mashine ya zamani ya kusude, ile iliyokuwa imekufa nusu, na maneno kwamba inamjazia nafasi kwenye depo. Hatujawahi kuizungumzia.

Majembe yalichukuliwa na polisi. Walikuja ukumbini na kuyabomoa, wakayapakia, wakayatupa kwenye lundo nyuma ya ofisi yao, kwa maelezo kwamba vyuma vyenye makali haviruhusiwi mahali pa mkutano. Mama na majirani zake walikuwa bado kwangu. Niliwaambia waende nyumbani, kwamba nitakusanya mengine.

"Mengine ya nani?" mama aliuliza. "Ile iko jembe yangu."

Walikwenda wote pamoja, mimi nikiwa nyuma yao. Kamanda alitoka akiwa na uchovu wa mtu aliyeambiwa afanye jambo lisilo na kichwa. Aliwaambia ule ni ushahidi.

"Ushahidi wa nini?" mama alisema.

Akampita kamanda pembeni, akainama juu ya lundo, akachagua, akatoa lake. Alimwonyesha alama ambayo alikuwa ameichoma kwenye mpini ili jembe lisichanganywe siku za salongo. Jirani yake naye akatoa lake. Wakaendelea kuchagua, na kwa majembe ya wale waliobaki Nyabiondo walisema tu, "Hii iko ya dada yangu," "hii iko ya mama-mkwe." Polisi mmoja alifanya kama anataka kuzuia. Kamanda alimwambia awaache, kwamba yeye pia ana mama na hataki kusikia habari zake zikisimuliwa namna hiyo sokoni.

Tuliyabeba yote kupita katikati ya Walikale, mchana kweupe. Sikuwaambia watu wafuate. Walifuata.

Niliusimika ule ujia upya nje, kando ya njia ya sokoni, kwenye kiwanja cha parokia. Padri hakukubali wala hakukataa. Mvua inaunyeshea na kutu imeyashika mabapa, na watu wanauingia wanavyotaka. Wasichana wengine wanaupita kinyumenyume kwa makusudi, wakicheka, na wanaume wazito wanauzunguka kwa mbali. Mama alikaa mpaka nguzo ya mwisho ilipokazwa, ndipo akapanda moto kurudi kwenye shamba lake. Jembe lake aliliacha humo. Alisema kununua jipya ni rahisi kuliko kupata mahali pengine pazuri pa kulitundikia.

Milango ya simba siitengenezi tena. Natengeneza masufuria yaliyotoboka, baiskeli, vitanda vya chuma, na ninapopata vyuma vya kutosha narudia kazi yangu. Sasa hivi najenga mizani. Upande mmoja una gunia la mawe, kama lile linalotoka msituni, na upande wa pili kuna nafasi ya mtu kusimama. Ni kubwa, inaonekana tangu barabarani, na wale wanaonunua mawe kwa wabeba mizigo wameshaanza kutuma watu kuuliza ni ya nini na nani atapimwa.

Nawajibu wote neno lilelile: waje siku ya kuifungua, na wakubwa wao, wapande wa kwanza.